Cheka, Seka, Tabasamu

Kicheko cha sauti kinajieleza chenyewe. Mama muuza ndizi akiangua kicheko katikati ya soko la Kisangani, hata anayepita upande wa pili wa barabara anajua kuna jambo limemfurahisha, na akitaka atasogea aulize kisa. Kicheko cha kimya hakina ukarimu huo. Midomo inavutika kidogo, pumzi inatokea puani, bega linatikisika mara moja, na aliyekuwa mbele yake anaachwa na swali: huyu ananifurahia au ananicheka? Katika mji ambao watu hubadilisha lugha mara kadhaa kabla jua halijafika utosini, swali hilo si dogo. Nimeishi ndani ya lugha hizo, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba historia ya neno tabasamu haieleweki bila swali hilo. Kiswahili hakikulichukua neno hili kwa Waarabu kwa sababu Wabantu hawakujua kutabasamu. Kililichukua kwa sababu kitenzi chake cha asili, cheka, kilikuwa kimebeba furaha na dharau kwa pamoja, na watu walihitaji neno la kumwondolea mwenzao shaka.

Nianze na cheka, maana ndilo lenye umri mkubwa. Wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu hulirejesha shina lake hadi kwenye lugha mama, ambayo wasemaji wake walianza kutawanyika miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita kutoka upande wa mpaka wa Nijeria na Kameruni za leo. Watoto wa shina hilo wametapakaa bara zima. Waganda, Wanyarwanda, Wabemba na Wachewa wanasema seka, Wakikuyu theka, Wazulu hleka. Kilingala nacho kinasema seka, na hapo ndipo Kisangani inapopata nafasi yake ya pekee katika kisa hiki. Kiswahili kilifika hapa kikitoka mashariki, na misafara ya biashara iliyopita Nyangwe na Kasongo ikafuata mto Lualaba. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, aliteuliwa mwaka 1887 kuwa liwali wa eneo la maporomoko ya hapa Kisangani kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kilingala kilikuja kwa njia ya pili. Kilizaliwa katika Kibobangi cha wafanyabiashara wa mto, kikapandishwa na mabaharia, wamisionari na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni. Meli iliyotoka Kinshasa, wakati huo Léopoldville, haikuweza kuvuka maporomoko ya Wagenia. Ililazimika kutia nanga hapa. Basi cheka iliyokuwa imekwenda hadi Bahari ya Hindi na seka iliyobaki kwenye misitu ya mto zikakutana tena mjini kwetu, baada ya kutengana kwa karne nyingi mno. Anayedhani kufanana kwazo ni bahati tu na atazame jozi nyingine: nchi ya Kiswahili na nse ya Kilingala, ambayo ni ardhi au upande wa chini. Pale mwambao unapotamka ch, mto unajibu kwa s. Hata neno chini si jingine ila ni nchi iliyotiwa -ni ya mahali.

Sasa tazama kitenzi hiki kinavyofanya kazi. Ukisema watoto wanacheka, au kwa Kingwana, Kiswahili chetu cha Kongo, batoto banacheka, hakuna ubaya wowote. Ongeza mtendwa, useme wananicheka, na furaha yote imeondoka. Imebaki aibu ya anayechekwa. Kilingala kinafanya vivyo hivyo: bazali koseka, wanacheka, bazali koseka ngai, wananidharau. Tofauti ya furaha na dharau imening'inia kwenye silabi moja ya katikati ya neno, au kwenye kiwakilishi kimoja cha mwisho. Wazee waliosema mcheka kilema hafi hakijamfika hawakuhitaji kueleza ni kicheko cha namna gani. Na kicheko cha urafiki hakikusalimika na shaka, kwa kuwa ukicheka na nyani utavuna mabua. Lugha imejitahidi kuugawa uwanja huo kwa viambishi na viunganishi: cheka, chekea, chekelea, cheka na, chekesha. Ni utajiri mkubwa, wala simaanishi kuudharau. Lakini utajiri huo wote ni wa msemaji anayesimulia kicheko cha jana. Anayekabiliwa na kicheko chenyewe, sasa hivi, usoni, hana kiambishi cha kumsaidia. Mfikirie abiria aliyeketi nyuma ya toleka, ile baiskeli inayochukua watu mitaani kwetu kutoka Kabondo hadi Mangobo. Anataja nauli kwa Kiswahili. Mwendeshaji, ambaye amezoea Kilingala, anaendelea kukanyaga pedali na mgongo wake unatikisika kidogo kwa kicheko kisichosikika. Uso hauonekani. Je, nauli ni ndogo mno kiasi cha kuchekesha, au abiria amependeza kwa lafudhi yake, au jamaa amekumbuka jambo la nyumbani kwake? Mgongo hauna sarufi.

Hapo ndipo mchango wa Kiarabu unapoonekana ulivyo, na kwa maoni yangu hautazamwi inavyostahili kwa sababu watu huliangalia tabasamu peke yake. Kiarabu kina kitenzi cha kawaida cha kucheka, dahika, na kina kingine cha kicheko cha midomo, tabassama. Kiswahili kiliyachukua maneno hayo yote mawili. Lakini la kwanza, ambalo kwa Waarabu ni kicheko tu kisicho na sifa mbaya wala nzuri, kwetu likawa dhihaka. Kwa nini? Kwa sababu nafasi ya kicheko cha kawaida ilikuwa na mwenyewe. Cheka ilikuwa imeketi pale tangu kabla ya jahazi la kwanza, na haikuinuka. Neno la mgeni likapewa nafasi iliyokuwa ikihitaji jina lake yenyewe, nafasi ya kicheko kinachoumiza. Likafuatana na ndugu zake wa Kiarabu: mzaha, masihara, stihizai. Upande wa pili likaja tabasamu, kicheko kisichoumiza. Kwa hiyo Kiswahili kilibaki na neno lake la kati, kikakopa ncha mbili. Kama kukopa kungekuwa dalili ya umaskini, basi ingetulazimu kusema kwamba Wabantu hawakujua kudharauliana hadi walipofundishwa na wageni, na sijawahi kumsikia mtu hata mmoja akidai hivyo. Hoja ambayo hakuna anayethubutu kuitumia kwa dhihaka haifai kutumika kwa tabasamu.

Tena tabasamu halikuja likiwa neno tupu. Katika Kurani, Sura ya An-Naml, aya ya 19, Nabii Sulaiman anatabasamu huku akicheka baada ya kusikia maneno ya chungu aliyekuwa akiwaonya wenzake wasikanyagwe na majeshi yake. Mfalme mwenye majeshi anamchekea mdudu mdogo kabisa, na kicheko chake kinafuatwa na dua ya shukrani. Hakuna picha iliyo bora zaidi ya kicheko cha mwenye nguvu ambacho hakimdhalilishi mnyonge. Halafu ipo hadithi inayojulikana sana na waliosoma madrasa, kwamba kumtabasamia ndugu yako ni sadaka. Kwa mtoto wa pwani, basi, neno hili lilifika likiwa limeambatana na wajibu: ukitoa uso huo kwa mwenzio umempa kitu. Sarufi nayo ikalinda maana hiyo. Unaweza kumcheka mtu. Huwezi kumtabasamu mtu. Ukitaka kumtia mwenzio katika sentensi ni lazima umtabasamie, na hiyo -ia ya kumtendea mtu inaleta wema mlangoni kwake. Kitenzi chenyewe kimefunga mlango wa dharau. Zipo familia za pwani zinazompa binti jina la Ibtisam, lenye mzizi uleule, na anayempa mwanawe jina anakuwa amelipima neno kwa mizani ya juu kuliko zote.

Nakubali kwamba upo upinzani mzito zaidi ya ule wa kudai kwamba kukopa ni umaskini. Mwaka 2014 Mary Beard, mtaalamu wa historia ya Roma, alitoa kitabu kuhusu kicheko cha Warumi wa kale, na humo alitetea rai kwamba Warumi hawakuwa na tabasamu kwa maana tunayoijua sisi. Hakusema kwamba midomo yao haikupinda. Alisema kwamba kupinda huko hakukuwa ishara yenye maana katika maisha yao ya kijamii, na sehemu ya ushahidi wake ni kwamba Kilatini kilikuwa na ridere, kucheka, na maneno yaliyotokana nalo, bila neno la peke yake la tabasamu. Kabla yake Mfaransa Jacques Le Goff alikuwa amekwisha kuuliza kama tabasamu si jambo lililobuniwa na Ulaya ya Zama za Kati. Mtu akiichukua njia yao, anaweza kutuambia: nanyi mlikuwa na cheka tu, hadi mwambao ukawaletea jambo jipya. Ni pingamizi la haki, maana halimtukani mtu, na linadai ushahidi. Ushahidi upo, lakini hauko ndani ya Kiswahili chenyewe. Uko kwa majirani. Waganda wanasema kumwenya. Wanyarwanda, ambao lugha yao inasikika hadi Kivu, wanasema kumwenyura. Wabemba, walioko hadi Katanga ya kusini, wanasema kumwentula. Wachewa wanasema kumwetulira. Yote yana maana ya kutabasamu, yote yanasimama mbali na seka inayotumika katika lugha hizohizo, na mashina yote yanaanza na mwe- ileile, sauti inayofunga midomo na kuifungua taratibu. Lugha nne zilizotawanyika kutoka Ziwa Nyanza hadi Ziwa Nyasa hazikukopa kitendo hicho Unguja. Wabantu walikitazama kitendo cha midomo, wakakitenga na kicheko cha koo, wakakipa kitenzi. Kiswahili cha leo hakina kitenzi hicho katika mazungumzo ya kila siku, ila ndugu zake wanacho, na hicho kinatosha kuonyesha kwamba pengo, kama ni pengo, halikuwa la utamaduni mzima.

Ninaposema hivyo simaanishi kwamba kila jambo lazima liwe na neno moja ndipo lihesabiwe kuwa linajulikana. Wakazi wa Kisangani tuna sababu nzuri ya kulitilia shaka wazo hilo, nayo inatoka mtoni. Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa kingo za mto Kongo chini kidogo ya mji, walikuwa na ngoma ya gogo iliyopeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu, aliichunguza kwa miaka mingi na mwaka 1949 akachapisha kitabu kuihusu. Alieleza kwamba gogo lina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, zinazofuata toni za lugha. Na kwa kuwa maneno mengi mafupi yana toni zinazofanana, neno moja pekee lingewachanganya wasikilizaji. Kwa hiyo mpigaji hapigi jina la kitu. Hupiga fungu zima la maneno linalokieleza. Mwezi hautajwi kwa jina lake tu, unatajwa pamoja na kule kuitazama kwake ardhi kutoka juu. Mtu anayehesabu maneno moja moja angesema ngoma ya Walokele haina neno la mwezi. Lakini kila mwanakijiji aliyesikia alijua mwezi ndio uliotajwa. Ndivyo ilivyo kwa kicheko cha kimya katika Kiswahili: kucheka kimoyomoyo, kucheka chini kwa chini, kuchekacheka, kumeza kicheko, kucheka kwa puani. Haya ni mafungu, na kila fungu lina hali yake. Anayecheka kimoyomoyo hataki kuonekana kabisa. Anayecheka chini kwa chini yuko na wenzake, na pana mtu mwingine asiyetakiwa kujua. Anayemeza kicheko amezuiwa na heshima, labda mbele ya baba mkwe au msibani. Neno tabasamu haliwezi kuziba hata nafasi moja kati ya hizi.

Walioutawala mji huu kwa Kifaransa walituletea sourire, tabasamu lao, na shule zetu zinaifundisha hadi leo kana kwamba ni neno la daraja jingine. Ukilichambua utakuta ni rire, kucheka, iliyotanguliwa na kiambishi cha Kilatini chenye maana ya chini. Kucheka kwa chini, basi. Kijerumani kimelitoa lächeln, kutabasamu, katika lachen, kucheka, kwa njia iliyo jirani na kuchekacheka kwetu. Waarabu wenyewe, kwa wingi wa maneno yao, hawakulitenga tabasamu na kicheko: Abu Mansur al-Tha'alibi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1038, alipopanga ngazi za kucheka katika kitabu chake Fiqh al-Lugha, aliliweka tabasamu kuwa ngazi ya kwanza ya kicheko, kisha akapanda hatua kwa hatua hadi kicheko cha kupasua mbavu. Mtoto wa Tshopo, mkoa wetu, anayeambiwa darasani kwamba lugha ya nyumbani kwake haitofautishi kucheka na kutabasamu ana haki ya kuambiwa pia kwamba Kifaransa kilianzia mahali palepale.

Linabaki pingamizi ambalo kwetu lina uchungu wa kweli. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko pamoja na watu waliokuja kutafuta pembe za ndovu, na pamoja na pembe walichukua watu. Vijiji vilichomwa. Wanaume na wanawake walifungwa na kupelekwa mashariki. Mtu anaweza kuuliza kwa hasira iliyo halali: neno gani la upole linaweza kutoka kwenye vinywa hivyo, na kwa nini tulipambe leo? Sina jibu la kufuta machungu hayo, wala silitafuti. Ninachosema ni kwamba tusichanganye lugha na bwana mmoja aliyeitumia. Misafara ile haikuwa ya mabwana peke yao. Ilikuwa ya wapagazi, wapishi, wake, watoto, na mateka waliolazimika kujifunza lugha ya waliowateka ili waweze kuishi. Hao ndio waliobaki hapa, wakazaa, wakalima, wakakigeuza Kiswahili kuwa Kingwana, chenye ba- badala ya wa- na chenye z pale pwani panapotamka dh. Lugha tunayoisema Kisangani ni kazi ya mikono yao kuliko ya liwali yeyote. Na cheka, lile neno ambalo halikuinuka kumpisha mgeni, lilikuwa lao pande zote mbili, kwa aliyekuja na kwa aliyekutwa. Mateka aliyetoka kwa watu wanaosema seka hakuhitaji kufundishwa cheka, alilitambua.

Iwapo ni hivyo, ataniuliza msomaji, tabasamu lina kazi gani kwetu, ikiwa mpiga picha wa hapa anapomweka mteja mbele ya kamera humwambia tu cheka kidogo, au seka moke, na mteja anajua afanye nini na midomo yake? Lina kazi, na kazi yake haijapungua. Cheka kidogo inatosha mbele ya kamera kwa sababu pale hakuna shaka. Hakuna wa kuchekwa. Inapungukiwa palipo na watu wawili na jambo la kupatana. Muuza lituma, ndizi za kupondwa, anayetajiwa bei ya chini mno hucheka kwa pumzi moja ya puani, akageuza uso kidogo huku mkono wake ukiendelea kulipanga jani juu ya chakula. Mteja mwenye busara anasubiri uso ule urudi. Ukirudi na macho yakiwa yamelainika, mapatano yanaendelea. Ukirudi mkavu, anaongeza bei au anakwenda zake. Kitendo cha kwanza ni cheka. Kinachosubiriwa ndicho kinachostahili kuitwa tabasamu, na kinasubiriwa kwa sababu kile cha kwanza hakikueleza lolote. Ningependa kamusi zetu zionyeshe hilo badala ya kuandika kwamba tabasamu ni kucheka bila sauti, maana kicheko bila sauti kinaweza kuwa dhihaka kamili. Ningependa pia waandishi wa kamusi za Kiswahili wafike Lubunga na Makiso, wayaandike mafungu ya watu wa hapa pamoja na mahali yanapotumika, waweke seka ya Kilingala pembeni mwa cheka kama ndugu wa tumbo moja, na kumwenya na kumwentula karibu yao, ili anayelitafuta tabasamu alikute katikati ya ukoo uliokuwapo kabla yake.